Makaratasi ya Vita na Ushairi Wetu: Kutazama kutoka Nyakahura

Vita ni miongoni mwa maudhui kongwe za ushairi wa Kiswahili. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert naye alituachia utenzi mrefu mno juu ya vita vya 1939 hata 1945. Tenzi hizi tumezoea kuzisoma kama fasihi. Majalada, orodha na barua za vita tumewaachia wanahistoria. Makala haya yanakusudia kuupinga mgawanyo huo. Nadai kwamba makaratasi ya vita nayo yanastahiki jicho la mhakiki, na kwamba mshairi asiyeyasoma hukosa nusu ya vita, nayo ni nusu ya nyumbani.

Nimechagua kutazama kutoka Nyakahura, katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, upande wa njia iendayo Ngara na mipaka ya Rwanda na Burundi. Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza: sisi na Nyakahura wapi na wapi? Jibu ni kwamba vita vilivyopita huko ndivyo vilivyotupitia na sisi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini Unguja. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao Chapwani, na mwaka 1925 likafunguliwa jumba la Beit el Amani kuwa ukumbusho wa amani iliyofuata vita hivyo. Unguja, basi, ilipata makaburi yanayotambulikana na jumba lenye kuba. Mchukuzi wa bara aliyefia njiani, aghalabu, hakupata hata jiwe.

Tukumbushane yaliyotokea upande ule. Mwezi Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba, wakakivunja kituo cha simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yakaingia Biharamulo, katika nchi ambayo Wajerumani waliiandika Usuwi. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule yakaingia Tabora. Wabelgiji walibaki wakiitawala Biharamulo mpaka 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Katika muda wa miaka mitano nchi ile iliona bendera tatu.

Hapa ndipo linapoanza suala la makaratasi. Mtoto wa Nyakahura anayetaka kujua babu wa babu yake alipitia nini katika vita hivyo atahitaji Kijerumani kwa mambo ya kabla ya 1916, Kifaransa kwa mambo ya hadi 1921, na Kiingereza kwa mambo ya baadaye. Historia rasmi ya vita vya Wabelgiji katika Afrika ilichapishwa kwao Ulaya, kwa lugha yao, kwa ajili ya wasomaji wao. Ilhali maofisa wa Kijerumani waliwaamrisha askari wao kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho walichokitumia katika mengi ya utawala wao. Yaliyosemwa kwa lugha yetu yalihifadhiwa kwa lugha za wengine, na tafsiri hiyo ya kimya haina jina la mfasiri.

Majalada yenyewe yana kisa chao. Wajerumani walipozidiwa mwaka 1916 walifukia sehemu kubwa ya makaratasi ya serikali yao huko Tabora. Mwaka 1921 yakafukuliwa, na leo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam. Wale walioibeba mizigo ya majeshi na kuzikwa kando ya njia hakuna aliyetumwa kuwafukua.

Sasa tuyasome makaratasi hayo kwa desturi ya uhakiki. Kila karatasi ina utanzu wake, na kila utanzu una kanuni zake. Ripoti ya kamanda husimulia njia: jeshi limeondoka hapa, limefika pale, limevuka mto. Kijiji huingia katika ripoti pale tu kinapokuwa na chakula cha kuchukuliwa au watu wa kubebeshwa mizigo. Kumbukumbu alizozichapisha Lettow-Vorbeck baada ya vita ni kitabu cha mtu ajuaye kuandika. Lakini mchukuzi ndani yake yumo kama upepo unavyokuwamo katika tanga: twauona mwendo wa chombo, upepo wenyewe hatuuoni.

Orodha ni utanzu mwingine. Idara ya Waingereza iliyowasimamia wachukuzi, chini ya Oscar Watkins, iliwaandikisha na kuwapa namba. Hesabu za upande wa Waingereza peke yake zinataja vifo vipatavyo 95,000 vya wachukuzi, wengi wao kwa maradhi na uchovu, na wanahistoria wanaona kwamba hesabu kamili ilizidi hapo. Orodha haina sifa wala kilio. Hata hivyo, mimi naiona imekaribia ushairi kuliko kitabu cha jemadari, kwa kuwa humtaja mtu mmoja mmoja, na kutaja ndiyo kazi ya kwanza ya mshairi. Upungufu wake ni kwamba humtaja mtu na kumwacha hapo hapo. Haisemi aliyebaki nyumbani alilima na nani.

Sanaa ya ukumbusho nayo ilishindwa mahali hapo hapo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na maneno ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Nairobi walau walimsimamisha mchukuzi pamoja na askari. Dar es Salaam, penye mtaa wa Kariakoo uliopata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi, mchukuzi hakusimamishwa pamoja na askari.

Je, tenzi zetu zimefanya vizuri zaidi? Tumchukue Shaaban Robert, kwa sababu yeye ametuachia ushahidi wa pande mbili. Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, unavitazama vita kwa mbali na kwa upana: mataifa, viongozi, dhuluma na haki. Aliyeutunga alikuwa karani wa serikali Tanganyika, na vita vilimfikia kwa habari. Miaka hiyo hiyo alikuwa akimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zilitolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa uhariri wa M. M. Mulokozi. Humo mna familia, kazi, fedha, na hangaiko la mwandishi anayetaka vitabu vyake vichapwe. Mtu ni yule yule, na kalamu mbili. Utenzi una utukufu ambao barua hazina. Barua zina chumba, taa na deni, vitu ambavyo utenzi uliona haya kuvitaja. Simlaumu mshairi, kwani alitii kanuni za utanzu aliourithi. Lakini msomaji atakayevisoma vitabu hivi viwili pamoja ataona kwamba utanzu ule unaweza kupanuliwa.

Kagera ilipata vita vyake tena. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Henry Muhanika alichapisha utenzi juu ya vita hivyo mwaka 1981, na hilo ni jambo la kushukuriwa: bara nalo likatunga kwa bahari ya pwani. Kisha mwishoni mwa Aprili 1994, Warwanda zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda usiozidi siku mbili, wakaingia Ngara. Makaratasi ya safari hiyo yalikuwa daftari za kambi na kadi za chakula. Kadi ya chakula nayo ni orodha: hujua idadi ya midomo, haijui nyimbo walizokuja nazo.

Kuna hoja dhidi yangu, nami naikubali kwa sehemu. Makaratasi huweza kusema uongo kama mtu. Tena mshairi akiyaona matupu huingiwa na tamaa ya kujaza, akambunia mchukuzi maneno ambayo hakuyasema. Huko ni kumbebesha mzigo mara ya pili. Palipo na kimya katika jalada, ushairi uonyeshe kimya hicho na mipaka yake, usikifunike kwa sauti tamu.

Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia kumbukumbu na nyaraka za serikali mwaka 2002. Sheria hiyo haiufikii mkoba ulio mvunguni mwa kitanda, wenye barua ya mgambo wa 1979, risiti ya ng'ombe waliochukuliwa, picha iliyoandikwa tarehe kwa nyuma. Makaratasi hayo ndiyo nusu ya nyumbani niliyoitaja mwanzo. Yameandikwa kwa Kiswahili, hayahitaji mfasiri, na mchwa hawangoji wahakiki. Wajerumani walijua kwamba hata serikali inayokimbia hufukia karatasi zake ili zipatikane. Sisi wapenzi wa ushairi, wa visiwani na wa bara, tuna wazee wanaozishika zao mkononi hadi leo. Tuwaombe watusomee.