Ritifaa ya Ng'ang'ange

Chukua orodha mbili za kata, moja ya Mbeya na nyingine ya Iringa, uziunganishe kwa programu ya Java. Uyole, Iyunga na Rujewa zinapita bila shida. Vurugu inaanzia kwenye kata za Kilolo, Iringa. Ng'ang'ange iliyochapwa kwenye Word na ile ya kwenye hifadhidata ni pacha kwa macho, lakini equals inajibu false. Word imepindisha ritifaa: mahali pa alama namba 39 imeweka namba 8217.

Stringi ya Java haibadiliki ikishaundwa. Ukiita replace unapewa mpya, ya zamani inabaki vilevile, na kwa ritifaa peke yake hiyo inatosha kabisa. Sioni sababu ya kujitafutia kazi. StringBuilder, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, ina faida unaposafisha mengi kwa mkupuo mmoja: ritifaa, herufi kubwa iliyosahaulika, nukta iliyokaa mahali pa nafasi. Unaliingiza jina humo, unapita herufi kwa herufi, na kila unapokuta 8217 unaandika:

sb.setCharAt(i, '\'');

Hesabu inaanzia 0, hivyo katika Ng'ang'ange zinaguswa nafasi za 2 na 6. Herufi zinabaki 11, hakuna inayosogezwa. Metodi hii hairudishi chochote, kwa hiyo usijaribu kuunganisha nyingine mbele yake.

Ukimaliza, toa jina kwa toString kabla ya kulifanya ufunguo wa HashMap. Equals ya StringBuilder hailinganishi yaliyomo: mbili zenye Ng'uruhe ileile zinahesabiwa vitu viwili tofauti. Na vigeu viwili vikishika StringBuilder moja, ukibadilisha herufi kupitia kimoja, cha pili nacho kimebadilika.

Shida kubwa ni jina lililoandikwa bila ritifaa kabisa. Hapo setCharAt kwenye nafasi ya 2 inakula herufi, Nguruhe inakuwa Ng'ruhe. Kinachotakiwa ni insert, inayosukuma herufi zilizobaki kwenda kulia. Lakini ichomekwe wapi? Ng'ang'ange ina ng' mbili, kisha ng ya kawaida mwishoni. Kanuni ya kuweka ritifaa baada ya kila ng italiharibu. Ngangange ilinganishwe na orodha rasmi ya kata, na ikibaki na utata, aulizwe mtu wa Kilolo.