Fremu ya Mtumba Hupimwa kwa Venia

Fremu yenyewe ilikuwa imekwanguliwa stika zote. Ilining'inia ukutani, uani kwa muuzaji wa baiskeli za mtumba Ilala, jirani na baiskeli za Japani zenye vikapu mbele. Rangi yake ya bluu ilikuwa imefifia, haikuwa na magurudumu wala usukani, na nguzo ya siti tu ndiyo iliyobaki ndani, siti ikiwa bado juu yake. Kijana niliyeongozana naye alitaka kujiundia baiskeli ya mbio, na fedha zake zilitosha fremu ya chuma iliyotumika na vipuri vya wastani, basi. Naeleza hapa jinsi fremu ile ilivyochaguliwa kwa sababu wengi wanaoanza kazi hii huanza na jina. Wanatafuta Peugeot, Bianchi au Raleigh, wanalipia jina, na wakifika nyumbani ndipo wanagundua kwamba ekseli ya pedeli haipatikani na nguzo ya siti imegandia. Bei ya fremu ya mtumba ni ile unayomlipa muuzaji ukijumlisha na kila kitu utakachomlipa fundi baadaye. Sehemu hiyo ya pili inaweza kujulikana kabla hujatoa hata senti.

Fremu za chuma ziko nyingi kwa sababu ya historia. Kwa miongo mingi mashindano makubwa yote yaliendeshwa juu ya chuma. Eddy Merckx alishinda Tour de France mara 5 kati ya mwaka 1969 na 1974, zote kwa fremu za chuma. Kuanzia miaka ya 1990 alumini na kaboni zikachukua nafasi, na zile za zamani zikabaki magereji ya Ulaya na Japani zikiwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Baadhi hupakiwa kwenye kontena pamoja na baiskeli za kawaida, na muuzaji wa huku huziuza kwa bei ya chuma tu, maana mteja wake wa kila siku anataka baiskeli yenye keria.

"Shikamoo, mzee. Tunaweza kuishusha hii tuiangalie?"

"Marahaba. Ishusheni tu, hiyo ni orijino, Mjapani huyo."

"Tunaomba tuchomoe na siti."

"Chomoeni mkiweza. Mimi imenishinda."

Kauli hiyo ya mwisho ilitupa kazi ya kwanza. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya bomba la chuma bila grisi huliwa na kutu ya metali mbili, hasa kwenye hewa ya chumvi kama yetu ya pwani, na ikigandia kabisa itabidi ikatwe na kukerezwa kutoka ndani. Kazi hiyo inaweza kugharimu kuliko fremu. Lakini tulipoangalia pale juu ya bomba la siti, kwenye masikio mawili yanayobanwa na bolti, tuliona yamekaribiana mno, karibu yagusane. Masikio yaliyokaa sawa huacha mwanya wenye pande mbili sambamba. Yakikutana kwa juu ni dalili kwamba mtu aliingiza nguzo nyembamba kuliko inavyotakiwa, kisha akakaza bolti hadi chuma kikapinda. Tulilegeza bolti, tukatanua mwanya taratibu kwa bisbisi pana, tukadondoshea mafuta ya taa na kuizungusha nguzo kwa siti iliyokuwa bado juu yake. Ikatoka. Ubavuni mwake palikuwa pamegongwa namba: 26.8.

Tulipoingiza venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, ndani ya bomba, chini kabisa ya mwanya ambako hapajapinda, ilisoma 27.2 na nywele kidogo. Hapo ndipo kijana alipoanza kuitaka ile fremu kwa dhati, na hesabu yake inastahili kuelezwa polepole.

Bomba la siti la fremu nyingi za mbio za Uingereza, Italia na Japani lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Ukitoa 27.2 unabaki na 1.4, gawa kwa mbili, upate 0.7. Punguza nafasi ndogo inayoiruhusu nguzo kuteleza, na ukuta wa bomba unakuwa kama milimita 0.6. Fremu inayopokea nguzo ya 25.4 ina ukuta wa karibu 1.6. Chuma, kiwe cha bei gani, kina uzito uleule kwa ujazo uleule, hata ugumu wake wa kutonyumbuka ni uleule. Kinachotofautiana ni kiasi cha mzigo kinachoweza kubeba kabla ya kupinda moja kwa moja. Mtengenezaji hathubutu kukwangua ukuta hadi 0.6 kama chuma chake ni dhaifu, kwa sababu fremu itakunjika. Kwa hiyo wembamba wenyewe ni ushahidi kwamba kiwandani ilitumika aloi nzuri: Reynolds 531 ya Birmingham, iliyotoka mwaka 1935 kwa mchanganyiko wa manganizi na molibdeni, au Columbus ya Milano, au Tange ya Japani yenye kromu na molibdeni. Ni ipi kati ya hizo hatukujua, na haikutuzuia kuamua. Stika inaweza kubandikwa na yeyote. Ukuta wa bomba haubandikwi.

Tahadhari ni moja tu. Fremu nyingi za zamani za Ufaransa zina bomba la siti la milimita 28.0 kwa nje, hivyo nguzo ya 26.4 ndani ya Mfaransa inaweza kuwa dalili nzuri, na ndani ya Mwingereza isiwe. Pima nje na ndani, vyote viwili. Yetu ilisoma 28.6.

Makucha ya nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, yalikuwa manene, ya chuma kilichofuliwa, yana skrubu ndogo za kurekebishia gurudumu na maandishi ya SunTour. Makucha ya fremu za bei ya chini hukatwa kutoka bati bapa, na ukiyatazama kwa ubavu unaona wembamba wake mara moja. SunTour alikuwa Mjapani, kwa hiyo mzee hakuwa amekosea. Kwetu jambo hilo lilikuwa na faida inayohesabika, kwa sababu Wajapani walifuata nyuzi za Kiingereza kwenye tundu la ekseli ya pedeli.

Tundu hilo ndilo linaloangusha bajeti nyingi. Nyuzi za Kiingereza ni kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa inchi, kwenye tundu lenye upana wa milimita 68, na upande wa cheni hukazwa kinyume. Muitaliano ana milimita 36 na upana wa 70, pande zote zikikazwa kawaida. Mfaransa wa zamani ana milimita 35 na upana wa 68 uleule wa Mwingereza, kwa hiyo ukipima upana peke yake utadanganyika. Raleigh ya Nottingham nayo, kwenye baiskeli zake nyingi za kawaida, ilishika nyuzi zake yenyewe, 26 kwa inchi. Ekseli ya kisasa ya nyuzi za Kiingereza, iliyofungwa na beringi zake ndani, ni kipuri cha bei ndogo. Ya Kifaransa utaiagiza ng'ambo na kuisubiri. Kama vikombe vya zamani vya beringi vimebaki ndani, vifute: mara nyingi vimegongwa 1.37 x 24, au 36 x 24. Vyetu havikuwepo, basi tukapima upana, 68, tukaingiza kikombe cha upande wa cheni tulichobeba mfukoni. Kiliingia kwa vidole, kinyume, bila kulazimishwa. Anayekwenda kutafuta fremu abebe kikombe kimoja cha aina hiyo. Ni kipimo kizuri kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Kupitia tundu hilohilo tulimulika tochi ndani ya mabomba. Kutu ya juu juu yenye rangi ya chungwa haina neno. Tuliigeuza fremu na kuitikisa, na kilichotoka kilikuwa vumbi. Yangetoka magamba tungeirudisha ukutani.

Ajali huacha alama zake mahali palepale karibu kila mara: chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, vidole viwili au vitatu nyuma ya shingo. Baiskeli ikigonga kitu kwa mbele, foku hurudi nyuma na mabomba hayo mawili huvimba kidogo upande wa chini. Jicho linaweza kukosa uvimbe huo chini ya rangi, lakini kidole hakikosi. Pitisha kidole kutoka katikati ya bomba kuelekea shingoni, taratibu, macho yakiwa yamefumbwa kama inasaidia. Rangi iliyojikunja mikunjo midogo hapo ni sababu tosha ya kuondoka. Foku nayo itazame kwa ubavu: mstari wa shingo ushuke moja kwa moja kwenye sehemu iliyonyooka ya miguu yake kabla haijaanza kupinda kwenda mbele.

Kilichotupa wasiwasi ni mkwaruzo mweusi kwenye bomba la nyuma upande wa cheni, karibu na tundu la pedeli. Hapo ndipo fremu zilizofanya kazi sana hupasuka. Ulikuwa mchubuko wa cheni au ufa? Tulipaka mafuta ya taa, tukasubiri, tukafuta hadi pakakauka kabisa, kisha tukapaka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yaliyojificha ndani hurudi nje na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Njia hii ni ya mafundi wa injini tangu zamani, na haihitaji chochote kisichokuwa kwenye duka la mtaani.

Unyoofu tuliupima kwa uzi. Tuliufunga kwenye kucha moja la nyuma, tukauzungusha shingoni, tukaurudisha kwenye kucha la pili, kisha tukapima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Tofauti ilikuwa milimita 1. Hiyo inavumilika, na kwa fremu ya chuma hata zaidi ya hapo fundi anayejua kazi yake hunyoosha.

Saizi sikuijadili sana na kijana. Watu hupima urefu wa bomba la siti kwa sababu ndiyo namba inayotajwa, lakini urefu wa bomba la juu ndio unaoamua kama mgongo wako utachoka, maana siti hupanda na kushuka, na mwili wako haurefuki kufikia usukani. Alijua kipimo chake, na fremu ilimfaa.

Ndipo tukazungumza bei. Tulimwonyesha mzee masikio yaliyopinda, tukamwambia wazi kwamba shingo inahitaji beringi mpya na kwamba nguzo ya siti iliyokuwepo haifai. Hatukumsifia wala kumpondea bidhaa yake. Alipunguza, na bei ya mwisho ikawa chini ya bei ya tairi mbili nzuri za mbio. Muuzaji anayeona umepima huwa hapotezi muda kukusimulia.

Kazi kubwa iliyobaki ilikuwa upana wa nyuma. Venia ilisoma 126 kati ya makucha, kipimo cha zama za gia 6 na 7. Habu za gia 8 hadi 11 zinataka 130. Kwa kaboni au alumini hapo safari ingeishia, lakini chuma hutanuliwa kikiwa baridi. Mafundi wengi huweka chuma chenye nyuzi katikati ya makucha na kukaza nati mbili zisukume pande zote kwa pamoja. Siipendi njia hiyo: upande ulio laini kidogo hukubali wote na ule mwingine haujongei, na gurudumu linakaa upande. Kijana alifanya kwa ubao mrefu, upande mmoja kwanza kisha wa pili, milimita 2 kila upande, akirudia uzi baada ya kila msukumo. Chuma hurudi kidogo kikiachiwa, hivyo husukumwa zaidi ya kipimo kinachotafutwa. Baadaye makucha yenyewe lazima yarudishwe kuwa sambamba, la sivyo ekseli itabanwa kwa pembe na kuvunjika kabla ya wakati wake. Hilo tulilipeleka eneo la Gerezani kwa fundi wa mashine, pamoja na sikio la kufungia dereila.

Breki zilihitaji hesabu yao. Fremu ilitengenezwa kwa magurudumu ya inchi 27, ambayo rimu yake ina kipenyo cha milimita 630. Rimu za 700C, ambazo tairi zake ni rahisi kupatikana, zina 622, yaani pedi za breki zinatakiwa kushuka milimita 4. Tulipima kutoka tundu la bolti hadi rimu, tukapata 51. Breki fupi za kawaida za mbio hufika 49 tu, kwa hiyo tulinunua zile za 47 hadi 57. Tundu la nyuma ya foku likapanuliwa hadi milimita 8 ili kupokea nati ya kisasa inayozama ndani, na la mbele likaachwa lilivyo.

Huulizwa kwa nini mtu asichukue fremu ya Phoenix iliyopo tayari mtaani. Ile imeundwa kwa rimu za milimita 635, mabomba yake ni mazito, na shingo yake imelala ili itulie barabara ya vumbi ikiwa na mzigo nyuma. Kwa kazi hiyo ni fremu nzuri sana. Kwenye lami, kwa mtu anayetaka kupanda kilima na wenzake wa klabu, itamchosha bure.

Rangi iliwekwa mwisho, na fundi anayepuliza magari anaiweza vizuri akipewa masharti mapema: azibe nyuzi za tundu la pedeli, ndani ya shingo, ndani ya bomba la siti na nyuso za makucha, asitumie msasa wa mashine kwenye mabomba yenye ukuta wa milimita 0.6, na rangi ikishakauka amimine mafuta ndani ya kila bomba, aizungushe fremu yasambae, kisha aache yachuruzike usiku kucha kupitia tundu la pedeli.