Fundi Anayepima Kwanza

Ekskaveta nyingi zinazoonekana kati ya Karatina, Kiganjo na Naro Moru zilishuka bandarini Mombasa zikiwa zimekula chumvi nyingi ugenini. Nyingine zilichimba mitaro Japani, nyingine zilibomoa majengo Uingereza. Huku zinachimba bwawa la mkulima wa kahawa Mathira, zinafukua msingi wa ghorofa mjini Nyeri, zinapakia mawe machimboni. Ujenzi wa barabara ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, umeziingiza hata katika mazungumzo ya watu wasiowahi kuzigusa.

Zikigoma, huitwa fundi. Ninayetaka kumsifu ni yule anayefika na mita mkononi, spana zikiwa bado garini.

Chukua Komatsu PC200-8, mashine inayojulikana sana huku. Iko kazini, ndoo imejaa udongo mwekundu, mara injini inapoteza nguvu na kwenye kioo kunatokea CA559. Opareta anazima. Malori yanapanga foleni. Mwenye mashine, ambaye huenda yuko Nairobi, anapiga simu kila baada ya robo saa, na kila aliyesimama pale ana jibu: pampu imekufa, nunua pampu. Pampu ya dizeli ya injini hiyo si kitu cha kununuliwa kwa kubahatisha.

CA559 inasema kwamba presha ya dizeli kwenye reli, lile bomba nene linalogawia injekta, ni ndogo kuliko ile iliyoagizwa na kompyuta ya injini. Imeishia hapo. Msimbo ni filimbi ya askari: unakujulisha pana jambo, haukutajii mwizi. Kumtafuta mwizi ndiko kunakotenganisha fundi na mbadilisha vipuri.

Fundi huyu huanza na filta, kwa kuwa ni rahisi na mara nyingi ndiyo yenye kosa. Kisha hufuata paipu ya kufyonza kutoka tangini. Tundu dogo upande huo halivujishi hata tone la dizeli. Kazi yake ni kuingiza hewa, na jicho haliwezi kuliona. Basi anaunga kipande cha paipu angavu katikati, injini inawashwa, naye anachuchumaa kuangalia mapovu. Mapovu yasipoonekana, anageukia injekta. Anakinga dizeli inayorudi kutoka kichwa cha injini katika chombo chenye alama za vipimo, anahesabu muda kwa saa yake, anaandika. Halafu anaziba njia ya injekta ya kwanza na kupima upya. Ya pili. Ya tatu. Anapoziba ya nne, mtiririko unapungua ghafla. Injekta hiyo inavujisha ndani, na pampu iliyokwisha kuhukumiwa na umati ilikuwa inafanya kazi yake siku zote.

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Mwenye mashine ameokoa fedha nyingi na huenda hajui.

Si kila mashine inazungumza kwa herufi za Komatsu. Nyingi hutumia utaratibu wa J1939, ambamo msimbo una sehemu mbili: namba ya kitu kinacholalamikiwa, na namba ya aina ya lalamiko. 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoza, 157 ni presha ya reli. Kwa sehemu ya pili, 1 maana yake kipimo kinaaminika nacho kimeshuka kwa hatari, ilhali 4 maana yake volti za sensa zimeshuka kupita kawaida. Ukiona 100 na 1, zima injini papo hapo. Ukiona 100 na 4, shuka ukatafute waya uliochunika. Tarakimu moja inaamua, na asiyeijua anaweza kufungua injini nzima kwa sababu ya waya, au, jambo baya zaidi, kubadilisha sensa huku beringi zinakauka.

Nyaya zenyewe ni elimu kubwa. Kompyuta za mashine huwasiliana kwa mtandao wa CAN, uliobuniwa na Bosch na kutangazwa 1986: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kila mwisho ukiwa na kizuizi cha omu 120. Zima swichi kuu, weka mita kati ya nyaya hizo, nawe unatakiwa usome karibu 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika au kizuizi kimoja hakipo. Kwenye mashine kuukuu, fundi hukuta mahali ambapo mtu wa nchi nyingine, miaka kadhaa nyuma, aliunga waya kwa utepe, na shaba ndani imeota kutu ya kijani.

Mlima nao una neno. Kiganjo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa, ambayo Mombasa ni kama kilopaskali 101, huku ni kama 82, na maji yanachemka karibu nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho pwani kingeweza kuvumilika kwa muda, huku huleta msimbo wa joto mapema. Fundi mzuri huigeuza hali hiyo kuwa kifaa chake: anawasha swichi bila kuwasha injini, kisha analinganisha sensa ya hewa ya nje na ile ya presha ya tabo. Injini ikiwa imelala, zote mbili zinatakiwa kukaribia 82. Inayosoma 101 mlimani inadanganya.

Dizeli nayo ichunguzwe. Reli na injekta hulainishwa na dizeli hiyohiyo, nayo mafuta ya taa hayana ulaini huo. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini kuchunguza yaliyomo ndani ya jerikeni iliyofika machimboni bado ni jukumu la aliye pale. Pia baridi ya usiku wa Julai hugeuza unyevu wa hewa kuwa maji ndani ya tangi lililoachwa nusu.

Nawasihi wenye mashine jambo moja. Mlipeni fundi kwa saa alizopima, hata kama mwishoni amebadilisha kipande cha waya tu, kwa maana hapo ndipo alipowafaa zaidi. Nanyi mnaokwenda kununua ekskaveta iliyotumika, nendeni naye. Kwenye PC200-8 atashikilia kitufe cha 4 huku akibonyeza 1, 2, 3, na kumbukumbu ya hitilafu itafunguka: msimbo gani, mara ngapi, mara ya mwisho mashine ikiwa na saa ngapi. Mashine yenye saa 9,000 ambayo ukurasa wa hitilafu za umeme hauna hata mstari mmoja imefutwa na mtu. Muulizeni muuzaji ni nani aliyeifuta, na asipokuwa na jibu, msitoe pesa.