Neno Moja, Maana Mbili: Kuhusu "To Sir, With Love" ya E. R. Braithwaite

Kitabu hiki, kilichotoka mwaka 1959, husifiwa kama kisa cha mwalimu mgeni aliyewatuliza wanafunzi watukutu kwa adabu. Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Katika uhakiki huu tunataka kuonyesha kwamba uzito wa kitabu umo katika safari ya neno moja tu, nalo ni "Sir".

Mwandishi, mzaliwa wa Guyana, alikuwa mhandisi aliyetumikia jeshi la anga la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha alinyimwa kazi ya fani yake kwa sababu ya rangi yake, akaishia kufundisha katika mitaa maskini ya East End, London. Wanafunzi walimpokea kwa kelele na matusi. Siku hasira ilipomzidi, alitunga kanuni ya kuitana: wasichana wataitwa "Miss", wavulana kwa majina ya ukoo, naye "Sir". Hapo neno hilo ni amri. Mwishoni linaandikwa na wanafunzi wenyewe juu ya zawadi ya kumwaga. Hapo limekuwa tunu. Umbo halikubadilika, waliolitamka ndio waliolipa maana mpya.

Mfasiri wa Kiswahili atapata taabu. "Bwana", kwetu Kongo, lilibeba sauti ya mkoloni, na nyumbani humaanisha mume. "Mwalimu" ni jina jema, lakini mtu hulipata siku ya kuajiriwa, kabla hajafundisha lolote.

Je, ni nini kilichoigeuza amri kuwa tunu? Mwandishi hutaka tuamini kwamba ni adabu. Matukio yake mwenyewe yanampinga. Denham, kijana mkaidi kuliko wote, alibadilika baada ya kupigwa ngumi na mwalimu katika mchezo wa ndondi. Tena Potter, aliyemtishia mwalimu wa mazoezi aliyemwonea mwenzake mnene, ndiye aliyetakiwa kwenda kuomba radhi. Darasa lilinung'unika, na tunaona lilikuwa na haki. Heshima inayomdai mnyonge pekee si heshima bado, ni utii.

Hata hivyo kitabu kina jibu bora kuliko lile mwandishi alilolikazia. Shule hiyo haikutumia kiboko. Kila juma wanafunzi waliandika maoni yao juu ya masomo na walimu bila kuogopa adhabu, na katika baraza lao waliwauliza walimu maswali hadharani. Mkuu wa shule halisi, Alex Bloom, ndiye aliyeujenga utaratibu huo. Filamu ya mwaka 1967, yenye Sidney Poitier, ilimkuza mwalimu peke yake, na utaratibu huo ukafifia.

Kosa hilo lina madhara kwa msaidizi kijana anayeingia ukumbi uliojaa wanafunzi wakali. Akisoma kisa cha shujaa, atatafuta ndani yake nguvu za kishujaa, na akizikosa atakimbilia ukali. Akisoma kwa makini, atajiuliza swali jingine: wanafunzi wangu wana mahali gani pa kunipinga bila kuadhibiwa? Pasipo mahali hapo, cheo chochote watakachomwita kitabaki kuwa amri.