Kijana Ahmed na Mwalimu Wake

Watu huuliza mara nyingi: Je, Waislamu waliohamia Ulaya wamekuwa wenyeji huko, au wangali wageni? Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Walakini iko sinema ya Wabelgiji iliyojaribu kulijibu, nayo yastahili kupimwa kwa mizani ya haki. Jina lake ni Le Jeune Ahmed, maana yake Kijana Ahmed. Waliitengeneza ndugu wawili, Jean-Pierre na Luc Dardenne, watu wa upande wa Liège, na mwaka 2019 walipewa tuzo ya uongozaji bora wa sinema huko Cannes, nchi ya Ufaransa.

Kwa nini tuiseme hapa Kongo? Kwa sababu Ubelgiji si nchi tusiyoijua. Ndugu zetu wengi wanakaa Brussels katika mitaa ile ile wanamokaa Wamoroko na Waturuki, na watoto wao wanasoma pamoja. Neno linalosemwa juu ya mgeni mmoja halikawii kusemwa juu ya mgeni mwingine.

Hadithi yenyewe ni hii. Ahmed ni mtoto wa miaka 13. Jana alikuwa akicheza kama wenzake. Leo ameshikwa na mafundisho makali ya imamu mmoja mwenye duka mtaani. Yuko mwalimu wake, Inès, mwanamke Mwislamu, ambaye kwa uvumilivu mwingi alimfundisha kusoma. Sasa Ahmed hataki hata kumpa mkono, kwa kuwa ni mwanamke. Inès anataka kuwafundisha watoto Kiarabu kwa nyimbo, wapate maneno ya kila siku. Imamu anasema huo ni ukafiri. Basi mtoto anachukua kisu kwenda kumwua mwalimu wake. Hafaulu. Anatiwa katika nyumba ya kurekebisha vijana, anapelekwa kufanya kazi shambani kwenye ng'ombe, watu wanamtendea kwa upole. Lakini moyoni nia ile ile ingali hai. Mwishoni anatoroka, anapanda juu ya nyumba amfikie mwalimu, anaanguka. Amelala chini hawezi kuinuka, na chuma alichotaka kumwulia ndicho anachokigonga ili asikiwe. Anayekuja ni Inès. Mtoto anamwomba msamaha.

Tuanze na sifa, maana zipo. Watengenezaji hawakumcheka Ahmed, wala hawakumfanya shetani. Wamemwonyesha jinsi alivyo: mtoto anayenawa kwa bidii, anayehesabu saa za kusali, anayetaka kuwa safi kabisa, na ambaye hajui kwamba usafi usio na upendo ni ugonjwa. Kila mzazi na kila katekista ataitambua hatari hiyo, kwa kuwa haikai katika dini moja tu. Tena wameonyesha ukweli mwingine: upole hauponyi kama dawa ya sindano. Mtoto anaitikia ndiyo kwa midomo, na ndani amefunga mlango. Sinema haitudanganyi hapo.

Lakini upungufu wake ni mkubwa, nao ni wa namna mbili.

Kwanza, Ahmed hana jana. Tunaingia mtaani mwake kana kwamba Waislamu wameanguka kutoka mawinguni. Nani aliwaleta? Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaka katika shimo la makaa la Marcinelle, karibu na Charleroi, ukaua watu 262. 136 kati yao walikuwa Waitalia. Serikali ya Italia ikazuia watu wake wasiende tena. Wabelgiji wenyewe walikuwa hawataki tena kushuka shimoni. Ndipo serikali ya Ubelgiji ilipotafuta mikono mahali pengine, na mwaka 1964 ikafanya mapatano na Moroko, halafu na Uturuki. Ikachapisha hata kitabu kidogo cha kuwaalika wafanyakazi na kuwaambia wataweza kuleta jamaa zao. Walikuja kwa kuitwa. Mwaka 1974 serikali ikafunga mlango wa kuleta wafanyakazi wapya, na mashimo yakafungwa moja baada ya jingine, hata la mwisho, lile la Zolder, mwaka 1992.

Wazee wetu wanasema: Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Na jembe lilipokatika, wenyeji wakawauliza: Mbona ninyi mngali hapa? Baba aliyejenga nyumba ya mtu kwa makaa yake, kisha akakaa bila kazi, atamwambia nini mwanawe juu ya nchi hiyo? Sinema yetu haimwulizi.

Tena, nani alifundisha dini katika mitaa hiyo? Ubelgiji uliitambua dini ya Kiislamu kwa sheria ya mwaka 1974, jambo jema na la mapema. Lakini jengo la msikiti mkubwa wa Brussels lilikuwa limekwisha kukabidhiwa Saudia mwaka 1969 kwa miaka 99, na mafundisho ya huko hayakuwa ya wachimba makaa wa Moroko. Hata mwaka 2018 ndipo serikali ilipouvunja mkataba huo, miaka miwili baada ya tarehe 22 Machi 2016, siku mabomu yalipoua watu 32 katika uwanja wa ndege na reli ya chini ya ardhi ya Brussels. Waislamu walikuwamo pia kati ya wafu. Kusema haya si kuwaondolea wauaji hatia yao. Aliyeshika bomu ndiye aliyeua, na imamu aliyemwingizia mtoto chuki atajibu mbele ya Mungu. Bali mwenye nyumba anayemwachia jirani wa mbali kulea watoto wa nyumba yake asishangae wakizungumza kwa sauti ya jirani huyo.

Upungufu wa pili naona ndio mkubwa kuliko wa kwanza. Watazamaji wote wanauliza: Ahmed ataingia katika maisha ya Wabelgiji, au hataingia? Na mbele ya macho yao amesimama Inès, ambaye amekwisha kuingia! Anafundisha, anasali, anapenda Kiarabu, anaishi Kifaransa. Hakuacha kitu ili apate kitu. Iko sehemu moja fupi ambamo wazazi Waislamu wanashindana mkutanoni juu ya zile nyimbo zake, wengine wakikubali, wengine wakikataa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora kupita zote, maana hapo twaona kwamba Waislamu si mtu mmoja mwenye mawazo mamoja. Lakini sinema inaiacha upesi, inarudi kumfuata mwenye kisu.

Ndivyo ilivyo kwa sinema nyingi. Mwaka 2015 vijana wawili Wabelgiji wenye asili ya Moroko, Adil El Arbi na Bilall Fallah, walitoa sinema iitwayo Black, juu ya magenge ya Brussels: hili la vijana Waafrika, lile la vijana Wamoroko. Ni kazi yenye nguvu. Walakini ndugu zetu wa Matonge wana haki ya kuuliza: Je, yule mtoto wetu aendaye na mkoba shuleni kila asubuhi hana hadithi? Mwenye kisu hupata sinema. Mwenye mkoba hupata kimya.

Na hao wa kimya ni wengi. Meryame Kitir, binti wa mchimba makaa kutoka Moroko, alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford huko Genk, akaingia bunge, na toka 2020 hata 2022 alikuwa waziri wa ushirikiano wa maendeleo, ndiyo kazi inayogusa Kongo yetu. Shule nyingi za Kikatoliki mjini Brussels zimejaa watoto Waislamu, ambao wazazi wao wenyewe wamezichagua. Hayo hayafuti shida. Mitihani ya kulinganisha nchi imeonyesha mara nyingi kwamba katika Ubelgiji watoto wa wahamiaji wanaachwa nyuma sana shuleni, na kijana mwenye jina la Kiarabu hutafuta kazi kwa taabu kuliko mwenzake. Jibu la kweli basi ni hili: wengi wameingia, wengine wamebaki mlangoni, na wachache wameugeukia mlango kwa moto. Asemaye wote wameshindwa anasema uwongo, na asemaye hakuna shida anasema uwongo vilevile.

Mkiipata sinema hii, itazameni, na vijana wenu wakubwa pia, kisha mzungumze nao. Msamaha wa mwisho ni mzuri, na Mkristo hawezi kuudharau. Ila msamaha ule ulihitaji mtu wa kuuombwa. Kama Inès angalichoka na kuacha kazi yake mwezi mmoja mbele, Ahmed angaligonga chuma chake na nani angalikuja? Wanaouliza kama wageni wataweza kuwa wenyeji, na waulize kwanza ni walimu wangapi wa namna ile walio katika mtaa wao, na nani anawasaidia.