Kaye ya Shangazi

Rasi moja ya mji wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, inaitwa La Botte, yaani buti, kwa sababu ya umbo lake. Italia nayo ni buti, tena kubwa, lililochovywa katika Bahari ya Kati. Huko watu hukaa miezi wakipanga likizo: siku ya ufukwe, siku ya magofu. Sisi wenye buti dogo tuna ufundi huohuo, na mimi niliuona kwenye kaye ya shangazi yangu, yaani daftari lake.

Kila Juni, shule zikikaribia kufungwa, alishika biki akaanza kuuliza. Hakuuliza kwanza twende wapi. Aliuliza, "Mwezi uko wapi?" Sambaza, hao samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, na wavuvi hurudi na samaki haba. Anayetaka sambaza wa kukaanga kando ya ziwa apange safari yake wakati wa giza. Mzanzibari naye huuliza mwezi, lakini kwa ajili ya maji: kwao bahari hujaa na kupwa kwa mita kadhaa, na mwogaji asiyeuliza hukuta mchanga mtupu. Bahari ya Kati hupwa kidogo mno; mpangaji wa kule hutazama jua tu. Kila maji yana swali lake.

Swali la pili lilikuwa goti la bibi. Bukavu imeketi juu ya rasi tano na vilima vyake, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kushuka ziwani si kazi. Kazi ni kurudi. Kwa hiyo mji tuliutembea asubuhi, kungali na ubaridi, tukitazama nyumba za zamani za barabara ya Patrice Lumumba, za enzi mji ulipoitwa Costermansville. Kesho yake tulishika njia ya Katana hadi Lwiro, kwenye majengo ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Shangazi alituacha tushangae, kisha akasema, "Mazuri, eh? Sasa niambieni nani alibeba mawe." Swali hilo pia lilikuwa limeandikwa kwenye kaye.

La tatu lilikuwa upepo. Boti aliiweka asubuhi, kwa kuwa alasiri ziwa huchafuka. Tena hakutuahidi kukiona kisiwa cha Idjwi kutoka ng'ambo: Julai vumbi na moshi wa kiangazi hutanda, kisiwa kikapotea. Alituahidi samaki, basi. Mpangaji hodari huahidi kilicho mkononi mwake, na kisichokuwa mkononi mwake hukiachia nafasi.

Kazi yake haikuonekana. Bibi alifika kila mahali bila kulalamikia goti, samaki walikuwapo, hakuna aliyelowa. Wageni wetu wakasema siku ilijiendea yenyewe.

Nawe ukisikia maneno hayo mwisho wa safari, ujue hakuna siku inayojiendea. Mtafute mwenye kaye, umshukuru.