Kura ya Mtungi

Mchana, nyuma ya maduka ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, utamkuta mama lishe ameinamia jiko la mkaa, anapepea. Anayemwonea huruma atasema apewe gesi, kifua kitapona. Mchumi wa mazingira hana haraka hiyo, na hapo ndipo ufundi wake unaponivuta.

Ukilinganisha nyumba ya gesi na nyumba ya mkaa, hujalinganisha majiko tu. Aliyenunua mtungi kwa hela yake huenda ana kipato kizuri, nyumba yenye madirisha makubwa, na bima ya afya. Wanawe wakikohoa kidogo, sifa uipe gesi au mfuko? Hata ukihoji nyumba elfu kumi, swali hilo litabaki palepale.

Remidius Ruhinduka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Yonas Alem wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walilikabili kwa kura. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2020, kaya za mjini zinazopikia mkaa ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zikapata ruzuku ya jiko la gesi, nyingine mkopo, nyingine zikaachwa zilivyo. Kila mcheza upatu anaijua haki ya kura: haiangalii sura wala kipato. Makundi yakiachana baadaye, chanzo chake kinajulikana.

Na yaliachana. Waliopewa ruzuku walipunguza mkaa kwa asilimia 54, wa mkopo kwa 41. Jiko ni lilelile. Nadhani marejesho ya mkopo yanagombania hela ileile ya kujaza mtungi.

Lakini asilimia hizo ni za mkaa, si za vikohozi. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksaidi isiyoonekana na vumbi laini linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Nje ya mlango kuna daladala na bodaboda zinaongeza lao. Mtafiti makini hatangazi mapafu yamepona kwa sababu gunia limebaki. Uaminifu huo nauheshimu kuliko hesabu yenyewe.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Anayepanga ruzuku na mikopo ya kulifikia lengo hilo anazihitaji namba za namna hii. Natamani kura inayofuata ichezwe na mama lishe wa Kariakoo, wanaoshinda motoni kutwa, na kila mmoja avalishwe kipima vumbi karibu na pua.